Bosi anakula, lakini anakonda

Najua nimepotea kidogo. Kazi za chumba cha habari mnazijua: leo mkutano na waandishi, kesho soko limeungua, keshokutwa mhariri anakuuliza ile habari ya juzi imeishia wapi. Leo lakini sitaandika siasa wala soko. Naandika habari za mbwa.

Msicheke. Subirini kwanza.

Shangazi yangu anakaa Kimara na ana mbwa anayeitwa Bosi. Alirithi kutoka kwa jirani aliyehama mji akaona mbwa hatoshi kwenye lori. Jina ni kubwa kuliko mwenye jina. Siku ya kwanza nilipomwona amelala kwenye kivuli cha ukuta, nilidhani mtu kaanika tenga bovu. Mbavu zote nje, nyonga zimechongoka, mkia umejikunja tumboni.

Na wala si kwamba alikuwa halishwi. Shangazi si mchoyo. Kila jioni Bosi alipata sufuria nzima ya ugali wa sembe uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa. Alikuwa anaufagia wote, analamba sufuria mpaka inasogea uani kwa kelele. Nusu saa baadaye anakwenda nyuma ya banda la kuku, anaharisha. Shangazi akamwonea huruma, akampa maziwa. Ikawa mbaya zaidi.

Ushauri haukukosekana. Jirani wa kushoto alisema aongezewe ugali. Fundi aliyekuwa anaezeka banda alisema huyo mbwa karogwa na jirani aliyehama. Binamu yangu mmoja, ambaye siku zote ana haraka ya kumaliza mambo, alisema afunguliwe geti aende zake, maana mbwa gani wa ulinzi anayeyumba akibweka. Shangazi akanigeukia mimi. "Baba, wewe si umesoma? Hebu niambie, kiumbe anakula hivi halafu anakonda, chakula kinakwenda wapi?"

Shahada yangu haina uhusiano wowote na mifugo. Lakini swali lile liliniganda. Chakula kinakwenda wapi? Nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimtafuta daktari wa mifugo, nitakuja kusimulia. La pili, nilianza kusoma usiku baada ya kazi. Huko nikakutana na mbwa wengine waliokonda na kuharisha kama Bosi, wa zamani sana, wa nchi za mbali. Nikagundua kwamba swali la shangazi liliwahi kuwasumbua watu wakubwa, na kwamba jibu lake liliokoa maelfu ya binadamu. Hiyo ndiyo hadithi ninayotaka kuwapa leo.

Tuanze na tumbo. Kwa karne nyingi mbwa alikula mabaki. Akikonda, maana yake mabaki hayatoshi, basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Mmarekani mmoja wa Ohio, James Spratt, aliyekuwa akiuza vifaa vya kukinga majumba na radi, alikuwa London akaona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu za mabaharia. Akapata wazo. Akatengeneza biskuti za mbwa kwa unga wa ngano, mboga na nyama iliyokaushwa, akawauzia matajiri wenye mbwa wa kuwindia. Huo ndio mwanzo wa chakula cha mbwa cha kiwandani. Kijana mmoja aliyeajiriwa na kampuni hiyo, Charles Cruft, ndiye baadaye aliyeanzisha yale maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1891.

Lakini hata Spratt alikuwa anajibu swali la kujaza tumbo. Wengi hawakuwa wanajua kwamba mbwa anaweza kushiba kila siku na bado akafa njaa. Fundisho hilo lilitoka kusini mwa Marekani, na lilitoka kwenye mahindi.

Naam, mahindi haya haya.

Majimbo kama Mississippi, Alabama, Georgia na Carolina zote mbili yalikuwa nchi ya pamba. Wakulima wengi hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la tajiri kwa kugawana mavuno, na tajiri alitaka pamba mpaka mlangoni mwa nyumba, hakuna nafasi ya bustani wala ng'ombe. Chakula kilikopwa dukani: unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe yenye nyama kiduchu, na molasi. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Kilichobaki kilikwenda kwa mbwa.

Mbwa wa huko walikuwa na ugonjwa ambao wenyeji waliuita ulimi mweusi. Mbwa anaanza kukataa chakula. Anapungua uzito. Midomo na ufizi vinakuwa vyekundu, kisha mdomo unaoza, unanuka, mate mazito yanadondoka. Anaharisha, mwisho anaharisha damu, anakufa. Watu walidhani ni maambukizo tu, kama maradhi mengine ya mbwa.

Wakati huo huo wenye mbwa nao walikuwa wanaugua. Ngozi za mikono na shingo zilikuwa zinababuka pale jua linapopiga. Wakaharisha. Akili zikavurugika, wengine wakaishia hospitali za vichaa. Wengi walikufa. Ugonjwa huo unaitwa pelagra, na haukuwa mpya duniani. Daktari wa Hispania, Gaspar Casal, aliueleza mwaka 1735 kwa wakulima maskini wa Asturias waliokula mahindi, na jina lenyewe lilitoka Italia mwaka 1771. Lakini Marekani ulilipuka mwanzoni mwa karne ya 20. Kati ya 1906 na 1940 inakadiriwa watu milioni 3 waliugua na 100,000 hivi walikufa. Tume moja ya wataalamu ilichunguza, ikasema huenda ni ugonjwa wa kuambukiza unaotokana na uchafu wa maskini.

Mnaiona hiyo? Mtu anaumwa, anaambiwa ni mchafu. Kama Bosi tu, aliyeambiwa karogwa.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma huko daktari mmoja wa afya ya jamii, Joseph Goldberger. Alizaliwa mwaka 1874 katika himaya ya Austria na Hungaria, akaletwa New York akiwa mtoto, familia ya Kiyahudi. Goldberger hakuanza na darubini. Alianza kwa kutembea na kuangalia, kazi ambayo hata sisi waandishi tunatakiwa kuifanya na mara nyingi hatuifanyi. Akaingia kwenye vituo vya yatima, magereza na hospitali za wagonjwa wa akili. Akaona jambo moja: wagonjwa wanapata pelagra, lakini wauguzi na walinzi wanaoshinda nao hawapati. Kama ni maambukizo, yanajuaje nani anapokea mshahara?

Akaangalia sahani. Wafanyakazi walikuwa na nyama, maziwa na mayai. Wanaotunzwa walikuwa na mahindi.

Katika vituo viwili vya yatima mjini Jackson, Mississippi, aliagiza watoto wapewe maziwa, mayai, nyama na maharage. Pelagra ikatoweka. Mwaka 1915 akageuza jaribio. Katika shamba la gereza la Rankin, wafungwa walikubali kula chakula cha mahindi na wanga kwa miezi kadhaa, na gavana Earl Brewer akaahidi kuwasamehe vifungo vyao. Kati ya 11 waliofika mwisho, 6 walipata dalili za pelagra. Wapinzani hawakuridhika. Basi mwaka 1916 Goldberger, mkewe Mary na wenzao, jumla watu 16, wakajaribu kujiambukiza wenyewe. Walijichoma sindano za damu ya wagonjwa, wakameza vidonge vilivyotengenezwa kwa magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa. Hakuna hata mmoja aliyepata pelagra.

Unadhani watu walimshukuru? Mwaka 1921 Rais Warren Harding alipozungumzia njaa na pelagra kusini mwa nchi yake, viongozi wa huko walikasirika. Heshima yao imeguswa, wawekezaji watakimbia. Tunaifahamu lugha hiyo. Kukiri kwamba ugonjwa unatokana na sahani ilikuwa sawa na kukiri kwamba watu wanaolima utajiri wa nchi hawana chakula.

Sasa Goldberger alijua chakula kinatibu, lakini ndani ya chakula hicho ni kitu gani hasa? Huwezi kuwatesa wafungwa kila mwaka. Hapa ndipo mbwa anapoingia.

Mwaka 1916 daktari wa mifugo wa North Carolina alikuwa ameuliza hadharani kama ulimi mweusi wa mbwa si pelagra yenyewe. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Chittenden na Underhill, walieleza kwamba mbwa waliolishwa njegere kavu, unga wa biskuti na mafuta ya mbegu za pamba waliumwa kitu kama pelagra. Goldberger na wenzake wakaunganisha nyuzi hizo: ulimi mweusi, ugonjwa wa Yale na pelagra vilionekana kuwa jambo moja. Maana yake mbwa aliyekonda angeweza kuwa mizani. Mpe mahindi mpaka augue, kisha mwongezee kitu kimoja uone kama atapona.

Kulikuwa na tatizo moja dogo, na ndilo lililoleta bahati. Mbwa walichoshwa na chakula kile kile wakagoma kula. Ili kuwaamsha hamu, wakaongezewa hamira kidogo. Mbwa wakala. Lakini ajabu, hawakuugua tena, hata kama waliendelea na mahindi yao. Hamira iliyowekwa kama kiungo ilikuwa dawa. Na hamira ni rahisi, haiozi haraka, unaweza kuipeleka popote. Mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927 na kuwaacha mamia ya maelfu ya watu bila chakula, Shirika la Msalaba Mwekundu liligawa hamira hiyo kwa maelfu ya pauni. Watu walipona kwa kitu ambacho mbwa walikuwa wametangulia kukionja.

Goldberger hakuishi kuona mwisho. Alikufa Januari 1929 kwa saratani ya figo. Mwisho ulikuja mwaka 1937, Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika maabara ya Conrad Elvehjem, mtoto wa mkulima wa jimbo hilo hilo. Yeye na wenzake walikuwa wanachambua maini, maana maini yalijulikana kuponya ulimi mweusi. Walichuja na kuchuja mpaka wakabaki na kitu kimoja. Wakampa mbwa mgonjwa miligramu 30 tu za asidi ya nikotiniki. Miligramu 30, ndugu zangu, ni chembe ambayo ungeipuliza ikapotea. Mbwa aliyekuwa amekataa chakula akarudi kwenye bakuli, akaanza kuongezeka uzito.

Na kinachoniuma ni hiki: asidi ile haikuwa ngeni. Wanakemia walikuwa wameijua tangu karne ya 19. Ilikuwa kwenye chupa kabatini miaka yote ile watu wanakufa, ila hakuna aliyejua kwamba ni chakula. Ndani ya miezi michache madaktari wakawapa wagonjwa wa pelagra, wakapona. Baadaye ilipewa jina la niasini, watu wasije wakadhani wanakula nikotini ya sigara.

Kwa nini mahindi? Mahindi yana niasini, lakini imefungwa ndani kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Mwili unaweza pia kujitengenezea niasini kutoka kwenye sehemu moja ya protini inayoitwa triptofani, lakini hiyo nayo mahindi yanayo kidogo mno. Wenyeji wa Meksiko, waliotupa mahindi, walikuwa wanayachemsha kwa chokaa au majivu kabla ya kusaga, na hilo linafungua kile kifungo. Wazungu walibeba mahindi wakaacha mapishi. Juu ya hapo zikaja mashine mpya zinazotoa kiini cha hindi ili unga usichache mapema dukani. Unga ukawa mweupe, laini, na maskini zaidi.

Sasa fikiria. Unga mweupe, laini, uliotolewa kiini. Si ndiyo sembe hiyo?

Nilipofika hapo niliinuka kitini usiku ule nikatembea chumbani. Kumbe sufuria ya Bosi ina ndugu zake Mississippi.

Lakini tusikimbilie. Mwandishi mzuri hapendi jibu linalompendeza kabla hajalipima. Ugali si sumu kwa mbwa. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, wana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwa mwitu ana 2, mbwa wa nyumbani ana kuanzia 4 hadi 30. Yaani mbwa amekaa na sisi mpaka tumbo lake likajifunza nafaka zetu. Kosa si ugali, ni ugali mtupu. Na mchuzi wa dagaa ukimwagiwa mbwa huku dagaa wenyewe wakibaki kwa watu, huo ni ugali mtupu wenye harufu.

Kuna mlango wa pili ambao chakula hupotelea, na nao tulionyeshwa na mbwa. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, ile nyama ndefu iliyojificha nyuma ya tumbo. Mbwa akawa anakojoa ovyo, na mkojo ukawa na sukari. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kujua chanzo cha kisukari. Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best walitumia mbwa kama hao kupata insulini, na Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano yake ya kwanza.

Sehemu hiyo wengi mnaijua. Ambayo haisimuliwi sana ni kilichowapata mbwa baada ya sherehe. Mbwa wasio na kongosho waliishi kwa insulini, wakalishwa nyama na sukari, lakini baada ya miezi kadhaa hali zao zilianza kuzorota na maini kujaa mafuta. Sukari imedhibitiwa, mbwa anakufa. Mpaka walipochanganyiwa kongosho bichi la ng'ombe kwenye chakula. Wakanyanyuka. Best na wenzake walifuatilia jambo hilo, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakatambua umuhimu wa kolini, kirutubisho kinacholinda ini.

Kongosho lina kazi mbili. Moja ni insulini. Ya pili ni kumwaga juisi inayosaga mafuta, protini na wanga. Kuna mbwa, hasa wale wa aina ya German Shepherd, ambao sehemu ya pili inanyauka wakiwa bado vijana. Mbwa wa hivyo anakula kuliko wote nyumbani, anakonda kuliko wote, na kinyesi chake ni kingi, laini, cheupe cheupe chenye mafuta. Mwenye mbwa anaona aibu, majirani wanadhani anamnyima. Siku hizi kuna kipimo cha damu cha kuugundua ugonjwa huo, na tiba yake ni unga wa kongosho unaochanganywa kwenye kila mlo, mara nyingi pamoja na vitamini B12. Ni kile kile walichokifanya Toronto kwa kongosho bichi.

Basi ukiniuliza historia yote hii inasema nini kwa mtu mwenye mbwa aliyekonda, nitakwambia: kabla hujaongeza chakula, uliza chakula kinapotelea wapi. Inawezekana hakimo kwenye sahani, kama Mississippi. Inawezekana kimo lakini tumbo haliwezi kukisaga, kama Toronto. Na inawezekana kuna mwingine anayekila kabla yake.

Bosi alikuwa wa tatu.

Daktari wa mifugo hakumtazama hata mbavu kwanza. Aliomba kinyesi. Kipimo kikaonyesha minyoo ya safura, ile inayonyonya damu utumboni. Akatazama ufizi, ukawa mweupe kama karatasi. Akauliza kuhusu kupe, maana homa zinazoletwa na kupe nazo humkondesha mbwa. Akatoa dawa ya minyoo, akasema irudiwe baada ya wiki mbili. Halafu akasema jambo lililomshtua shangazi: msimjaze. Tumbo lililoharibika ukilijaza linamwaga. Na mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa sana ghafla anaweza hata kufa.

Akatupangia. Wali uliopikwa ukalainika kabisa pamoja na nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi, bila mafuta, bila kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, wala sikujua. Maziwa basi, kwa kuwa mbwa wengi wakubwa hawayawezi. Mifupa iliyopikwa basi, inapasuka vipande vikali. Mlo mmoja mkubwa wa jioni ukagawanywa kuwa milo minne midogo. Kinyesi kilipotulia, tukaanza kumrudisha kwenye chakula cha nyumbani kidogo kidogo kwa siku kumi: ugali wa dona badala ya sembe, dagaa wenyewe na si mchuzi wao, yai la kuchemsha, boga, na kipande kidogo cha ini mara mbili kwa wiki. Kidogo, kwa sababu ini likizidi nalo linadhuru. Nilipokuwa nakata lile ini niliwakumbuka wale mbwa wa Wisconsin.

Mizani ya mbwa hatukuwa nayo. Kila Jumamosi nilimbeba Bosi mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikapanda naye kwenye mizani ya magunia, kisha nikapanda peke yangu, tukatoa. Vijana wa mashine walikuwa wananisubiri kama mechi. Siku ya kwanza Bosi alikuwa na kilo 16. Wiki iliyofuata 16 vile vile, na mmoja akaniuliza kama sina kazi ya kufanya. Wiki ya tatu 16 na nusu. Baada ya miezi mitatu, 21. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa cha mbwa.

Kuna wakati nilijiuliza kama ni haki kuandika yote haya kuhusu mbwa wakati watu hawajashiba. Kisha nikakumbuka Malawi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa huko walikula mgao wa mahindi, na karanga, zilizokuwa chanzo chao kikuu cha niasini, zilikuwa zimekatika. Zaidi ya watu 18,000 wakaugua pelagra kati ya Februari na Oktoba. Miaka 53 baada ya yule mbwa wa Wisconsin kurudi kwenye bakuli! Elimu ilikuwepo. Aliyepanga mgao alihesabu matumbo na magunia, hakuhesabu karanga. Kenya ilianza kuwataka wenye viwanda vya unga wa mahindi waongeze virutubisho, niasini ikiwemo, mwaka 2012. Kwa hiyo swali la shangazi si la mbwa peke yake. Mtoto wa shule anayekula ugali na mchuzi mtupu kila siku naye anahesabiwa kwamba amekula.

Na kuna deni jingine. Wale mbwa wa Washington, Toronto na Wisconsin hawakuulizwa kama wafungwa wa Rankin walivyoulizwa, na hawakuahidiwa msamaha wowote. Waliugua kwa makusudi yetu. Sina jibu zuri la jambo hilo, na wanaosema wanalo huwa nawashuku. Najua tu kwamba walitufundisha namna ya kumlisha aliyekonda, na ingekuwa aibu baada ya somo la bei kubwa hivyo sisi tuendelee kusema mwongezeeni ugali, au karogwa, au fungueni geti aende.

Kama una mbwa aliyekonda nyumbani, anza na kinyesi kwa daktari, si na sufuria kubwa zaidi.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kimara. Bosi alinisimamia getini, manyoya yamelala vizuri, akanibwekea kana kwamba hajawahi kuniona maishani. Mimi niliyembeba mgongoni mpaka mashineni! Shangazi akatoka jikoni anacheka.

"Msamehe, baba," akasema. "Ameshiba, ameanza kudharau watu."

Alamsiki.